Bosi ananipeleka kupiga kambi Australia, mke wangu anataka nipotelee huko

Mpendwa Shangazi Roseline, naomba unisaidie kabla sijawa mwehu, na uniwie radhi kama barua yangu haina mbele wala nyuma, kwa sababu hata mimi mwenyewe siku hizi sina. Naitwa Dalmas, kwetu ni Mumias, nina mke na mtoto mmoja, na kwa miaka minane nimekuwa dereva wa familia moja hapa Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, kule kwenye majumba ya karibu na bahari. Jina langu usilifiche. Kafili wangu, yaani bosi anayenidhamini hapa, hasomi Kiswahili, na wanaokisoma wote wameshayajua mambo yangu na kila mmoja ana lake la kuniambia, ndiyo sababu nimechanganyikiwa namna hii.

Shida ilianzia kwenye kashta. Shangazi, hawa watu wakati wa baridi wana desturi ya kwenda jangwani kulala kwenye mahema, ndiyo wanayoiita kashta, na usifikiri ni mateso, maana tunabeba mazulia, jenereta, birika za kahawa, kuni za kujaa gari na mbuzi mzima, na mimi ndiye ninayesimamisha hema na kuwasha moto na kumchoma huyo mbuzi, mpaka Baba, ndivyo tunavyomwita bosi, huwaambia wageni wake kwamba hakuna mtu anayeijua kambi kama Dalmas. Sasa mwaka huu mwanawe Mazin, kijana wa chuo, akaona kwenye simu mbuga moja ya milima huko Australia, ambako watu hutembea msituni kwa miguu na kulala kwenye vihema vidogo, na kwa kuwa mwezi wa saba joto la Jeddah halikaliki na kule ni baridi, Baba akasema yalla, familia nzima twende kashta ya Australia, na Dalmas atakuja kutusimamia.

Mimi nilikuwa nafuta vioo vya gari. Nikasema sawa, Baba.

Sijui kwa nini nilisema sawa. Mwezi wa saba ndio wa likizo yangu ya kwenda nyumbani, likizo inayokuja mara moja kila baada ya miaka miwili, na Baba hakuisahau, maana kesho yake aliniambia, Dalmas, hii ndiyo itakuwa likizo yako, utaona dunia. Na hapo pia nikasema sawa.

Basi vikao vikaanza sebuleni na mimi nikawa naitwa kama mtaalamu. Baba akawa anapanga kama anavyopanga siku zote, mazulia, jenereta, kuni, akauliza mbuzi wa Australia wana bei gani, na Mazin akawa anasoma masharti ya mbuga kwenye simu na kumkatiza kila mara, kwamba kuni huko haziokotwi, moto wenyewe mahali pengi hauruhusiwi, jenereta ndiyo kabisa, takataka zako unatoka nazo mwenyewe, na ukifika uwanja wa ndege hata udongo ulioganda chini ya buti wanaukagua. Tena kabla ya kuingia msituni mnaacha majina yenu na njia mtakayopita, na mtu asipotoka siku aliyosema, wanamtafuta hata kwa helikopta. Kisha akasoma kwamba kila mtu anabeba begi lake mgongoni. Madam, mkewe Baba, akauliza, kila mtu maana yake nani, na wote wakaniangalia mimi.

Na kitu kingine, Baba anaamini kwa kuwa natoka Afrika basi msitu ni kama chumba changu cha kulala. Shangazi, mimi nimekulia kwenye miwa. Mnyama mkubwa ninayemfahamu ni ng'ombe, na nyoka nikimwona kwenye televisheni nainua miguu.

Nikampigia mke wangu Charity nimpe habari kwamba likizo imeliwa, na nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza maana nilijua atalia. Hakulia. Alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Akaniambia kuhusu mume wa jirani yetu, ambaye alipata mkataba wa kazi huko huko Australia akaenda, na baada ya muda akamwita mke na watoto, na sasa wanatuma picha wamevaa makoti. Kisha jioni akanitumia ujumbe wa sauti nikausikiliza mara nyingi sana, anasema, "Dalmas, Mungu amefungua mlango. Ukishaingia huko usirudi Jeddah. Potelea huko, utuite." Nikamjibu sawa. Lakini Shangazi, kitu kilinichoma na bado kinanichoma. Hakusema kwa hivyo hutakuja. Hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza nitakuja nyumbani lini. Nilipozungumza na Rita, binti yetu wa miaka saba, ambaye hunitambulisha kwa wenzake kwamba mimi ni baba wa kwenye simu, naye akaniuliza, baba, utakuja lini, na mimi nikamwambia habari za kangaruu anayebeba mtoto kwenye mfuko wa tumbo, akacheka sana, tukaagana vizuri.

Siku ya Ijumaa nikaenda mtaa wa Bani Malik ambako wenzangu wengi wamepanga, nikamweleza rafiki yangu Robinson, ambaye ni mlinzi wa ghala, nikidhani atanituliza. Robinson alisimama kabisa. Akasema, "Wewe una bahati na unaleta sura ya matanga. Mkifika kwa msitu, waambie unaenda haja, halas, hawakuoni tena." Anasema ana mtu anayemjua mtu mwenye shamba la matunda huko, wanachukua wafanyakazi bila maswali mengi. Nikamwambia sawa, nitafutie namba ya simu ya huyo mtu. Ameshanitumia.

Wiki iliyofuata tukaenda Riyadh kutoa alama za vidole kwa ajili ya viza, na huko ndiko aliko Celestine, binti wa mjomba wangu. Celestine anafanya kazi za nyumbani kwa dada yake Baba, na ni mimi niliyemwombea kazi hiyo. Dada yake Baba alisema waziwazi kwamba anamchukua kwa jina langu, na hivyo ndivyo hawa watu wanavyoajiri, hawaamini ofisi za mawakala, wanamwamini dereva wao, dereva analeta ndugu yake. Kumbe Charity ameshamweleza kila kitu. Tulipofika, Celestine alinifuata nje kwenye gari na gilasi ya maji, akasimama karibu na dirisha, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ukipotea, wewe utakuwa umeenda. Mimi ndiye nitakayebaki nikiulizwa uko wapi." Amebakisha miezi michache kumaliza mkataba, aende Mumias akafungue saluni. Nikamwambia sawa, sitapotea. Akaniangalia tu, akachukua gilasi yake.

Viza zikatoka zote, hata yangu. Hapo Baba akasema tufanye mazoezi, tukapanda milima ya Taif, kule juu kwenye nyani wengi. Nilibeba begi langu, la madam na nusu ya vitu vya Baba. Wale nyani walitunyang'anya mkate, Baba akaniambia nizungumze nao, nikawa narusha vijiwe huku narudi kinyumenyume. Tulipofika mahali pa kupumzika, madam na Mazin walikuwa nyuma sana, Baba ameketi kwenye jiwe anahema, mimi nimeketi chini kidogo. Akatoa kitu mfukoni, akanipa. Ilikuwa pasi yangu ya kusafiria. Pasi hiyo hukaa kwenye kabati lake la chuma, naiona nikienda likizo tu, na nikifika uwanja wa ndege wa Jeddah naitoa mwenyewe kabla hajaiomba. Akaniambia kwa kile Kiarabu chetu cha garini, "Shika pasi yako, Dalmas. Kule hakuna kafili. Kule sisi sote ni wageni."

Nikasema sawa, Baba, shukran, na machozi yalinilenga, na mpaka leo sijui yalikuwa ya nini.

Shangazi, tangu siku hiyo silali vizuri. Ananijaribu? Au ananiamini? Au ananiambia kwa njia ya kiungwana kwamba nikitaka kwenda niende? Pasi nimeificha ndani ya soksi chini ya godoro na kila nikiingia chumbani naigusa kwanza. Charity ananitumia picha za makoti. Robinson anauliza kama nimempigia mtu wa shamba. Celestine hapokei simu yangu. Baba amenunua buti mpya za kila mtu, hata mimi, na zangu zinanitosha kabisa, sijui nani alimwambia namba ya mguu wangu. Tiketi zitakatwa baada ya Idi. Nikipotea ninamwangusha Celestine na huyu mzee aliyenishikisha pasi, nisipopotea mke wangu ataniona mjinga maisha yake yote, na nikifikiria kulala kwenye kile kihema na nyoka wa Australia nataka tu kufunga macho. Je, nipotee au nisipotee? Niambie neno moja tu nilifuate.

Ni mimi niliyevurugikiwa,
Dalmas, Jeddah

SHANGAZI ROSELINE ANAJIBU

Dalmas, neno moja nikupe ili ulifanyie nini? Najua utakachonijibu. Utaniambia sawa, Shangazi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi napigia mstari neno hilo. Umemwambia Baba sawa, utaenda. Umemwambia Charity sawa, utapotea. Umemwambia Robinson sawa, akutafutie namba. Umemwambia Celestine sawa, hutapotea. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na wewe umeshika nne kwa mikono miwili, halafu unashangaa kwa nini hulali. Hukuvurugwa na Australia, mwanangu. Umevurugwa na mdomo wako.

Pole, lakini. Sikucheki. Miaka minane ya kuishi kwenye nyumba ya watu humfundisha mtu kwamba neno hilo ndilo linalolinda kazi. Ukiwa umeshika usukani na mtu anasema pinda kushoto, sawa ni jibu zuri. Tatizo ni kwamba umelizoea mpaka unamjibu nalo mke wako.

Sasa tuanze na upuuzi, tuumalize. Robinson anakwambia upotelee msituni kwa kisingizio cha haja. Yeye hana viza ya Australia, wala si yeye atakayepotea. Ushauri ni mtamu sana kwa asiyeubeba. Na wewe mwenyewe umeniandikia kwamba mbuga hiyo inaandika majina na asiyetoka hutafutwa kwa helikopta. Dalmas, mtu anayetaka kupotea haendi mahali ambapo kuna watu wanaolipwa kutafuta waliopotea. Tena wewe unayeinua miguu kwa nyoka wa televisheni. Watakukuta juu ya mti, na buti mpya miguuni.

Na hata ukifanikiwa kufika kwenye shamba la matunda, hiyo viza yako ni ya kutalii, si ya kuchuma matunda. Mtu aliyejificha hapandi ndege. Leo unamwona Rita mara moja kila miaka miwili na unaniandikia kwa uchungu. Huko utamwona lini? Hata msiba ukitokea Mumias utazika kwenye simu. Charity wako si mtu mbaya, usimchukie. Ameona picha za makoti akadhani njia ni ile ile. Mwambie kwa upole kwamba mume wa jirani alikwenda na mkataba wa kazi mkononi, wala hakutoroka kwenye hema la bosi wake. Kama mnataka Australia kweli, ombeni kwa mlango wa mbele, pamoja, hata ichukue muda. Namba ya mtu wa shamba ifute leo.

Kuhusu Celestine sikufundishi, maana yeye ameshakufundisha vizuri kuliko mimi. Uliposema sawa akachukua gilasi yake akaenda zake, kwa sababu anakujua. Mtumie ujumbe, si wa kumbembeleza. Mwandikie kwamba namba umeifuta, basi. Atapokea simu akipenda.

Tuje kwenye pasi, na hapa nakasirika kidogo. Unaniuliza kama ni mtego au ni zawadi. Ni pasi yako, Dalmas! Ilikuwa yako hata ilipokuwa kwenye kabati la chuma la mtu mwingine. Aliyekurudishia mwavuli wako unamwambia ahsante, humlipi kwa likizo yako. Itoe kwenye soksi, iweke mahali pa kawaida pa vitu vyako, na safari hii usiirudishe mwenyewe kabla hujaombwa. Ukiombwa, sema utaishika. Lakini pia sitamnyima mzee huyo haki yake. Mtu aliyeketi kwenye jiwe akihema akakwambia kule sote ni wageni, huyo amefungua mlango wa mazungumzo, na wewe ukaufunga kwa sawa na shukran.

Ufungue tena. Usizungumze naye sebuleni mbele ya madam, wala mezani. Zungumza naye garini, siku mko wawili, nyote mkiangalia barabara, maana hapo ndipo wewe ulipo hodari na yeye hawezi kuondoka. Mwambie: Baba, nimeshukuru kwa pasi na kwa buti. Nataka kuuliza, Australia naenda kama mgeni au kama mfanyakazi? Kama ni kazi, nitaifanya vizuri, na likizo yangu ibaki palepale niende nyumbani mara tukitoka huko. Kama ni likizo, basi likizo yangu iko Mumias, naomba uniruhusu. Na kama ni mgeni, wageni hubeba kila mmoja begi lake. Mazin ana mgongo mzuri wa kijana, la mama yake litamfaa. Liseme kabla ya Idi, kabla pesa ya tiketi haijatoka, kwa sababu baada ya hapo hata mtu mwema huwa mgumu.

Anaweza kukasirika. Anaweza kukataa, na mimi siwezi kukuahidi vingine. Lakini atakuwa amekataa kitu alichokisikia. Mpaka leo hajakataa chochote, kwa sababu hujamwomba chochote. Umemwambia nani, katika hawa watu wote, kwamba unataka kwenda nyumbani? Baba hukumwambia. Charity hukumwambia. Ulimpigia kumpa habari, ukangoja alie, na hakulia, ukanuna. Atajuaje? Mume aliyesema sawa kwa bosi na sawa kwa Australia anaonekana ni mume asiye na haraka ya kuja. Pengine na yeye yuko jikoni sasa hivi anamwambia mtu kwamba hukumwambia umemkumbuka. Mpigie. Anza na hilo, Charity, nataka kuja nyumbani, halafu nyamaza, na usijaze kimya hicho kwa hadithi za milima.

Kisha mwambie akupe Rita.

Umeniandikia kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyekuuliza utakuja lini. Mistari miwili mbele, kwa mkono wako mwenyewe, umeandika kwamba mtoto alikuuliza, kwa maneno hayo hayo, nawe ukampa kangaruu. Dunia nzima umeiambia sawa, Dalmas, isipokuwa yule mmoja aliyeuliza kile unachokitaka. Zungumza na Baba kwanza, upate siku ya kweli, umpelekee Rita.